Kutoka Binadamu hadi Mawingu: Sanaa Dhahania Katika Kingo za Ruvuma

Sanaa dhahania ni sanaa iliyoacha kuiga sura ya vitu vilivyopo duniani, ikaviachia mstari, rangi, umbo na uwazi kazi yote ya kusema na mtazamaji. Anayeuliza "hiki ni nini?" hapewi jibu la mti, mtu wala nyumba. Vitabu vingi huianzisha historia yake Ulaya kati ya 1910 na 1915, kwa Wassily Kandinsky huko Munich, František Kupka huko Paris na Kazimir Malevich huko Urusi. Afrika Mashariki ilifika hapo kwa njia yake. Uchongaji wa dhahania ulichipuka huku katika miaka ya 1950 na 1960, katika mti wa mpingo, mikononi mwa Wamakonde waliokuwa wamevuka Mto Ruvuma kutoka kaskazini mwa Msumbiji kwenda kutafuta kazi Tanganyika.

Mmojawapo wa mivuko hiyo uko karibu na Namoto, kituo cha mpaka katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, mahali ambapo barabara ya pwani ya Msumbiji inaukaribia mto huo. Ng'ambo ni Kilambo, na kutoka Kilambo njia inakwenda Mtwara mjini. Wajerumani na Wareno waliufanya mto kuwa mpaka wao mwaka 1886, lakini mpaka wenyewe haukutulia upesi. Mwaka 1894 Wajerumani waliinyakua Kionga, kusini mwa mlango wa mto. Wareno waliitwaa tena mwaka 1916 katikati ya Vita Kuu, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda vita yakawathibitishia kuwa ni yao. Wenyeji wa ukanda huo, yaani Wamakonde, Wamwani, Wamakua na Waswahili wa pwani, hawakuacha kuvuka kwa sababu ya mikataba hiyo. Walivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika, kuuza na kuchuma mshahara, na Kiswahili kiliwatosha kufanyia biashara pande zote mbili. Bila mvuko huo vinyago vya mitindo ya mashetani na mawingu, itakayoelezwa hapa chini, visingekuwapo, kwa maana ujuzi ulikuwa upande mmoja, mnunuzi na uhuru wa kujaribu vilikuwa upande wa pili.

Michoro isiyoiga kitu haikuwa ngeni kwa watu hawa. Wanawake wa pwani, kuanzia Lamu hadi Ibo, walisuka ukindu uliotiwa rangi wakapata mikeka yenye misumeno, mistari na miraba iliyopangwa kwa hesabu. Wachonga milango wa Unguja na miji mingine ya Waswahili walijaza miimo na vizingiti kwa nakshi za mafundo na minyororo, na Uislamu, uliokwepa sura za viumbe katika mahali pa ibada, uliipa nakshi hiyo heshima yake. Bara, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, Wamakonde waliandika mistari kwenye mitungi ya udongo, kwenye vifuniko vya vichupa vya dawa na kwenye miili yao wenyewe. Chale za usoni, ziitwazo dinembo, zilikuwa safu za mistari iliyopinda kama mbavu za samaki, misumeno na almasi, zikichanjwa kwa kisu na kupakwa masizi. Wanawake walivaa pia ndona, kipande cha mti katika mdomo wa juu. Watafiti wa Kireno Jorge Dias na Margot Dias, waliofanya kazi uwandani humo kuanzia mwaka 1957, waliacha maelezo na filamu nyingi za mambo hayo.

Hata hivyo pambo si sanaa dhahania kwa maana ya leo. Dinembo zilikaa usoni mwa mtu, nakshi ikakaa mlangoni, na zote zilikuwa zinapamba kitu kingine. Kilichokuwa kimesimama peke yake katika ufundi wa Wamakonde ni kinyago, na hapa pana jambo la kushangaza kidogo: kinyago cha zamani cha Wamakonde wa Msumbiji kilikuwa cha uhalisia mkubwa kuliko vinyago vingi vya Afrika. Lipiko, kofia ya mti mwepesi iliyovaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko wakati vijana wanapotoka jandoni, ilikuwa na masikio ya kweli kabisa, mdomo uliofunguka kidogo, chale zilizobandikwa kwa nta, na mara nyingi nywele za binadamu zilizopachikwa safu kwa safu. Mchezaji alitazama kupitia tundu la mdomo. Waliochongwa walikuwa watu wa kutambulika: mzee wa kijiji, mwanamke mwenye ndona, baadaye mfanyabiashara wa Kihindi na askari wa Kireno. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka kusini mwa Tanganyika ya baadaye mwaka 1906 akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, alirudi na vinyago vya Wamakonde.

Njia hii ilitofautiana na ile ya Ulaya. Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro huko Paris, akaviona vinyago vya Afrika Magharibi na Kati vilivyokuwa vimepunguzwa mpaka kubaki pembe na mikato, na vikamsaidia kuivunja sura ya mtu aliyoirithi kwa walimu wake. Yeye mwenyewe hakuvuka kamwe mpaka wa dhahania kamili, ingawa waliomfuata walivuka. Ulaya, basi, ilitoka kwenye uhalisia kwa kuazima kwa Afrika. Mmakonde wa Mueda naye alikuwa na uhalisia wake wa kutoka, na alipotoka hakuwa na makumbusho ya kuazimia.

Uwanda wa Mueda ulikuwa wa mwisho mwisho kutiishwa na Wareno, ukaangukia mikononi mwao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1920 mapadri Wakatoliki walifungua misheni ya Nangololo. Wachongaji waligundua haraka kwamba padri, mkuu wa wilaya na afisa mgeni wanalipa pesa kwa sanamu, na kwamba wanataka sanamu za namna fulani: Bikira Maria, Kristo msalabani, kichwa cha mzee mwenye ndevu, mama anayetwanga, mwanamume aliyebeba jembe. Vitu hivi vilichongwa kwa mpingo au pembe ya ndovu, vikang'arishwa, na wachongaji wakaviita binadamu. Jina hilo lilibaki kuwa la mtindo mzima. Ni uchongaji safi wa mkono uliozoea, na wanunuzi waliupenda kwa sababu uliwapa walichokijua tayari.

Wakati huohuo maisha ya kaskazini mwa Msumbiji yalikuwa yakizidi kuwa magumu. Kulikuwa na kodi, kazi za shokoa na kilimo cha pamba cha lazima ambacho kilimwachia mkulima pesa kidogo na chakula kidogo zaidi. Ng'ambo ya Ruvuma, mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga yalikuwa yanatafuta vibarua, na Waingereza walilipa zaidi. Maelfu walivuka. Vivuko vilikuwa vingi kandokando ya mto, na kile cha upande wa bahari, karibu na Namoto, ndicho kilichomfikisha mtu Mtwara kwa njia fupi. Waliokwenda waliitwa Wamawia na wenyeji wa Tanganyika, jina lenye harufu ya dharau, na walijulikana kwa chale zao, kwa meno yaliyochongwa na kwa sifa ya ukali. Wengine hawakukaa mkongeni. Walikwenda mpaka Dar es Salaam, wakakaa chini ya miembe pembezoni mwa mji, wakatoa tezo.

Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilikuwa na wanunuzi wa aina mpya: maofisa wa Kiingereza, mabaharia, watalii wa kwanza wa mbuga za wanyama, na Wahindi wenye maduka ya vitu vya ukumbusho. Miongoni mwa hao wa mwisho alikuwapo Mohamed Peera, ambaye jina lake halikosekani katika masimulizi yoyote ya vinyago hivi. Peera alinunua binadamu kwa wingi, lakini tofauti na wenzake alikuwa pia akiwahimiza wachongaji wamletee wanachokiwaza wao, na akalipia majaribio ambayo duka jingine lingeyarudisha mlangoni.

Aliyempelekea jaribio kubwa ni Samaki Likankoa, mhamiaji kutoka Msumbiji. Masimulizi yanayojulikana zaidi ni kwamba Samaki alikuwa na kinyago cha binadamu ambacho kiliharibika, mkono wake ukavunjika. Badala ya kukitia motoni, alikigeuza kuwa nnandenga, pepo wa porini anayejulikana katika hadithi za Wamakonde: akakipunguza hapa, akakitoboa pale, akakiacha na kiungo kisicho na mwenzake. Peera alikinunua, kikatoka dukani upesi, akaagiza vingine. Kwa hiyo ukazaliwa mtindo wa mashetani. Wapo wanaoiweka habari hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, wapo wanaoileta mpaka mwishoni mwa muongo huo.

Masimulizi ya kuvunjika kwa mkono yana ndugu yake Ulaya. Kandinsky alisimulia kwamba jioni moja aliingia chumba chake cha kazi akakuta picha nzuri ajabu asiyoielewa, yote rangi na maumbo, kumbe ni picha yake mwenyewe iliyoegemezwa ukutani kwa ubavu. Akajua kwamba vitu vinavyotambulika vilikuwa vinamharibia picha. Yeye pia ana tatizo la tarehe: picha yake ya rangi za maji iliyosifiwa kwa muda mrefu kuwa ya kwanza ya dhahania ina mwaka 1910 aliouandika mwenyewe, lakini wataalamu wengi huiona ni ya 1913. Hata heshima ya kutangulia imeingia shaka tangu kazi za Hilma af Klint wa Sweden zilipojulikana. Huyu alianza kuchora michoro isiyo na sura mwaka 1906, akiongozwa, kwa maelezo yake, na roho, na akataka kazi hizo zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake, kilichotokea 1944. Bahati, ndoto na roho hupewa nafasi kubwa katika visa vya mwanzo vya sanaa hii popote ilipotokea. Ni busara kuvisikiliza kwa heshima na kuvitazama vinyago vyenyewe kwa makini zaidi, kwa sababu ajali haichongi. Samaki alijua akate wapi.

Akilini mwa mchongaji, shetani alikuwa ruhusa. Binadamu ana macho mawili na lazima yalingane, na mnunuzi ataona yasipolingana. Shetani hana sharti hilo. Anaweza kuwa na jicho moja katikati ya kifua, sikio linaloendelea mpaka likawa mguu, tumbo ambalo ni tundu. Watu wa pwani na wa bara walikuwa na ghala kubwa la habari za majini, mapepo na vizuka vya mibuyuni, na wachongaji walichota humo bila kuona haya. Wengine walisema wanachonga walichokiota. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 shetani alikuwa ameshaachana na nnandenga wa kwanza, akawa jina la kila kinyago kilichokataa maumbile ya kawaida.

Je, huo ni udhahania? Wakosoaji wengine wamesema hapana, kwa hoja kwamba shetani bado ni kiumbe, na mchongaji ukimuuliza atakutajia jina lake na tabia zake. Hoja hiyo ina uzito, lakini ingetumika kwa haki ingemtoa nje Kandinsky pia, ambaye picha zake za 1911 na 1912 bado zina farasi, makasia na minara ndani ya moshi wa rangi. Udhahania una ngazi. Mashetani walikuwa ngazi za katikati, na ngazi ya juu ilikuwa inakuja.

Hiyo iliitwa mawingu, na aliyeianzisha hutajwa kuwa Clementi Matei Ngala, naye Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji. Katika kinyago cha mawingu kiumbe karibu ametoweka. Kinachobaki ni utepe mnene wa mti unaojikunja, unajipita, unajirudia, na kati yake matundu makubwa yanayopitisha nuru. Mara moja moja ncha ya utepe huvimba ikafanana na titi au goti, halafu ikaendelea na safari yake. Ukikizungusha hakina mbele wala nyuma. Duka likikiuza huwa halina la kuandika kwenye kadi zaidi ya neno lenyewe, mawingu.

Ili kuelewa umbo hili lilivyotokea, inafaa kuuangalia mti. Mpingo ni mti mdogo, unaokua polepole mno, na mara nyingi huhesabiwa zaidi ya miaka 70 kabla ya kufaa kuvunwa. Shina lake ni fupi, limepinda, lina mifereji na mara nyingi lina uwazi au uozo ndani. Nje pana ganda la rangi ya majani makavu, ndani kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau. Ni mzito kiasi kwamba ukitumbukizwa majini unazama, na ugumu wake huyala makali ya chuma. Wazungu huutengenezea zumari za okestra. Gogo la mpingo lililonyooka ni nadra, na lile lililonyooka ndilo linalofaa binadamu aliyesimama wima. Yaliyobaki, yaani mengi, yana mawazo yake.

Mchongaji wa mawingu hukaa chini, gogo akalibana kwa nyayo. Hachori kwanza. Anaanza kwa tezo nzito kutoa gamba na ganda, akipiga kwa mshazari ili chuma kisidunde, na vipande vinaruka mpaka mbali. Akifika kwenye kiini anasimama, anageuza, anatazama mfereji unakokwenda. Gogo likiwa na uozo katikati, uozo huo ndio utakuwa tundu la kwanza, na utepe utauzunguka. Likiwa na tawi lililokatwa, tawi litakuwa mahali utepe unapojirusha nje. Kisha tezo ndogo, kisha patasi na nyundo kwa matundu, kisha tupa, kisha msasa wa kukwangua na msasa laini, na mwisho kipolishi cha viatu au nta kusuguliwa kwa kitambaa mpaka mti ung'ae. Kazi ya kusugua huachiwa vijana wanaojifunza, na ni ndefu kuliko kuchonga kwenyewe, kwa sababu ndani ya tundu mkono hauingii vizuri na alama moja ya tupa ikibaki huonekana hata kwa mbali. Wengine huacha kwa makusudi sehemu ya ganda hilo la rangi nyepesi, nayo hutoa mstari mwanga unaotembea juu ya weusi. Mawingu ya namna hiyo ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za mpingo, ingawa wanunuzi wengi wa kawaida hudhani mti wake haukuiva.

Sambamba na mawingu ulikua mtindo uliokwenda upande mwingine kabisa. Yakobo Sangwani, aliyehamia Tanganyika kutoka Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, alichonga watu waliopandana kuzunguka gogo. Mwanzoni aliuita dimongo, akiwa na mawazo ya mshindi wa mieleka anayenyanyuliwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mnara huo wa watu ulipewa jina la ujamaa, ukawa zawadi ya serikali kwa wageni na nembo isiyo rasmi ya nchi. Ujamaa umejaa nyuso, na hauhusiki moja kwa moja na dhahania. Bado inafaa kuutaja, kwani matundu ya mnara wa ujamaa na matundu ya mawingu yalichongwa chini ya mwembe mmoja, na mafundi walikuwa wakiazimana mbinu ya kutoboa.

Historia ya siasa ilipita katikati ya kazi hii. Vyama vya kusaidiana vya Wamakonde waliohamia Tanganyika vilikuwa miongoni mwa mizizi ya harakati za ukombozi wa Msumbiji. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika Mueda kumsikiliza mkuu wa jimbo baada ya wajumbe, wakiwamo Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, kuja na madai kutoka Tanganyika. Askari wa Kireno walifyatua risasi na watu waliuawa. Mwaka 1962 chama cha ukombozi cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vilianza Cabo Delgado. Wakimbizi waliongezeka, wakiwamo wachongaji. Frelimo ilipanga vyama vya ushirika vya wachongaji na kuuza kazi zao nje ya nchi kuchangia mapambano. Eduardo Mondlane, rais wake wa kwanza, aliandika kuhusu vinyago vya Wamakonde kama aina ya upinzani, akieleza jinsi sanamu za dini zilizoagizwa na mapadri zilivyokuwa zimetiwa ushetani kimyakimya na mikono ya wachongaji. Kwa usomaji huo, kuharibu sura ya mtu ilikuwa pia kumjibu aliyeiagiza. Hoja hiyo ni nzuri, ingawa haielezi mawingu. Tundu halimtukani mtu yeyote.

Wanazuoni wa sanaa ya Afrika, kwa upande wao, kwa muda mrefu hawakuyataka haya yote. Kinyago kilichochezewa ngoma kilikuwa halali, kilichouzwa dukani kiliitwa cha watalii. Ni kweli kwamba vingi vilichongwa harakaharaka kwa mafungu, na kwamba mchongaji aliyeuza shetani mmoja vizuri alijikuta akichonga wenzake hamsini. Lakini kipimo hicho hakikutumika kwa wachoraji wa Paris, ambao nao walikuwa na wenye maduka wao, walilipwa kwa picha na walirudia mitindo iliyouzika. Nafasi ya Peera katika Dar es Salaam haikuwa tofauti sana na ya Daniel-Henry Kahnweiler, mwenye duka aliyewanunulia Picasso na Georges Braque wakati wanunuzi wachache tu waliwataka. Tofauti ni kwamba wachoraji walitia sahihi. Wachongaji wengi wa Kimakonde hawakutia, au waliandika jina chini ya kitako cha kinyago na mwenye duka akalifuta, na leo kazi nyingi zilizoko makumbushoni zimeandikwa kabila tu.

Katika miaka ya 1970 mkondo huu ulipata makao mapya. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, iliwapa wachongaji na wachoraji vifaa na chumba. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika upande wa Masasi, aliingia hapo kama mlinzi, akiwa na ujuzi wa uchongaji wa kwao. Alipoanza kuchora, aliwahamisha mashetani kutoka kwenye mpingo akawalaza kwenye ubao bapa kwa rangi za mafuta za kupaka milango: tumbo kubwa, mguu wa vidole viwili, mdomo unaomwaga kitu, wote wameshikana bila kuacha nafasi. Ukizitazama picha zake kwa mbali zinageuka kuwa mtandao wa mistari na rangi, kama mkeka. Zilionyeshwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na alipofariki mwaka 2005 jina lake lilikuwa limeenea Ulaya na Japani. Mchongaji John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, alikuwamo katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1989 yaliyoitwa Magiciens de la Terre, ambapo wasanii wa mabara yote waliwekwa chumba kimoja bila kutenganishwa na makumbusho ya makabila.

Katika habari hizi za uchongaji wanawake hawaonekani, kwa sababu mti ulikuwa kazi ya wanaume. Wao walikuwa na udongo. Reinata Sadimba, aliyezaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, alijifunza kufinyanga vyungu vya nyumbani kama wasichana wengine, na baada ya uhuru wa Msumbiji wa 1975 akaanza kufinyanga sanamu, jambo ambalo kwao halikuwa na mfano. Mwaka 1980 naye alivuka kwenda Tanzania, akakaa huko mpaka 1992, kisha akaweka karakana yake Maputo katika makumbusho ya historia asilia. Kazi zake ni vyungu vilivyoota viungo: shingo ya chungu inakuwa kichwa, mdomo wa chungu unakuwa tumbo lililo wazi, na juu ya udongo uliopakwa unga wa kijivu unaometa kuna mistari ya dinembo, ileile aliyonayo usoni mwake. Yule anayetafuta mahali ambapo pambo la zamani lilitoka mwilini na chunguni, likasimama kama sanaa ya peke yake, hatapata mfano bora zaidi ya huu. Reinata pia hakupitia kwa mwenye duka aliyemwagizia shetani, na huenda ndiyo sababu maumbo yake hayajirudii kama ya wengi.

Kwa wanaume biashara imebaki Dar es Salaam, hasa Mwenge, ambako vibanda vya vinyago vimesongamana na sauti ya tezo husikika nyuma yake. Mawingu bado yanachongwa, ingawa ni machache kuliko twiga na vifaru, maana yanahitaji gogo kubwa na siku nyingi, na mnunuzi anayeyataka ni mmoja kati ya wengi. Magogo yenyewe yametoweka karibu na miji. Mpingo sasa hutoka Lindi, Kilwa na mkoa wa Ruvuma, na katika wilaya ya Kilwa vijiji kadhaa vimekuwa vikisimamia misitu yao kwa vibali vya uvunaji endelevu vilivyopatikana kuanzia 2009. Kwa ukosefu wa mpingo, baadhi ya vibanda huuza mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi, na njia ya kuujua ni kukwangua chini ya kitako kwa ukucha.

Upande wa Namoto hali imekuwa ngumu zaidi. Mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yaliifikia Palma Machi 2021, na makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa mashua kwenda mji wa Pemba wa Cabo Delgado, wengine kwa miguu kuelekea Ruvuma. Uwanda wa Mueda ulipokea wakimbizi wengi kutoka pwani. Uchongaji huko haukukoma, lakini wanunuzi waliokuwa wakija na magari walipungua, na kazi nyingi huteremka kusini kwenda Pemba, Nampula na Maputo. Nampula ina makumbusho ya taifa ya etnolojia yaliyofunguliwa katika miaka ya 1950, na ndani yake mapiko ya zamani yenye nywele za binadamu yamewekwa pamoja na vinyago vya mpingo vya miaka ya baadaye.